Verna Aufunga Mlango wa Makofi

Wifi yangu Verna Pruitt ndiye anayepanga muziki wa bendi ya sekondari yetu, hapa Pell Creek, Indiana. Huchukua nyimbo, akazivunjavunja, akazigawa upya kwa tarumbeta, tuba zile nene za sauti nzito, filimbi na ngoma za watoto wanaokimbia uwanjani huku wanapuliza. Jaribu wewe! Mimi nikipanda ngazi na ndoo tu nahema.

Mwaka huu onyesho letu lilikuwa kimbunga. Sisi kimbunga hatusimuliwi, tunakijua. Mwishoni, bendi nzima ikishanguruma, Verna aliweka filimbi moja peke yake, ya binti Maribeth Voss: mama anawaita wanawe watoke handakini, dhoruba imepita. Mazoezini nililia, na mimi si mtu wa kulialia.

Basi tukaenda shindano la kwanza. Ngurumo ilipokatika, watu wetu wakafanya wanachofanya siku zote wakisikia tarumbeta kali: wakasimama, mayowe, miluzi, na mimi mbele yao. Filimbi ikamezwa nzima nzima. Majaji hawakusikia hata nota moja, alama zikaporomoka.

Mwalimu Grubb, mkuu wa bendi, alimfuata Verna pale kwenye mabasi, uso umemwiva.

"Bi Verna, toa hiyo filimbi. Malizia kwa kishindo kama wenzetu. Tukikosa fainali, mwakani nanunua muziki uliokwisha pangwa, kutoka Texas."

"Texas!" nikadakia. "Wanajua nini kuhusu watoto wetu?"

"Wifi, nyamaza," Verna akasema. "Na wewe ulipiga kelele."

Yalinichoma, maana ni kweli.

Jumapili nikamkuta jikoni kwake, supu imepoa, anafuta nota kwa hasira. Ghafla akapiga meza. "Watu hushangilia kishindo kinapokatika. Je, nisipokikata? Naondoa tuba kwanza, kisha tarumbeta, kisha ngoma, moja baada ya nyingine, mpaka visikike viatu vya watoto tu. Makofi yanataka mlango, wifi. Naufunga!"

Grubb alipoona nota mpya alishika kichwa. "Nusu fainali ni Jumamosi! Umerukwa na akili?"

"Nipe mpaka Alhamisi."

Watoto walifanya mazoezi kwenye lami ya shule, baridi inauma masikio. Mwanzoni walikuwa wananyamaza wote kwa pamoja, mazoea yana taabu. Verna anapaaza sauti, "Tuba, tokeni! Wengine bado, jamani, bado!" Alhamisi mambo yakakubali. Grubb akajikuna shingo. "Haya. Twende nayo."

Jumamosi, uwanja umejaa pomoni. Ngurumo ikaja, mbavu zangu zikatetemeka. Watu wakainuka nusu, mikono tayari, wanangoja ikatike. Haikukatika! Tuba zikatoka, tarumbeta zikafuata, ngoma zikafifia. Jamaa wa shule pinzani mbele yangu alibaki mkono hewani, mdomo wazi. Zikabaki hatua za watoto kwenye nyasi, shaa, shaa, shaa.

Kisha Maribeth akapuliza.

Lo! Hata kikohozi hakikusikika. Nilikuwa nimeuma skafu yangu, machozi yananitiririka, na sikujali nani ananiona. Sauti ya mwisho ilipokwisha, paa la jukwaa nusura liondoke.

Majaji wakaanza kutaja bendi kumi na mbili za fainali. Moja, tano, tisa, sisi hatumo. Kumi na moja, hatumo. Verna alinishika mkono hadi ukafa ganzi. Ya kumi na mbili: Pell Creek! Niliruka nikamwaga kahawa ya watu. Grubb alikuwa analia waziwazi, anamwambia Verna, "Mwakani ni wewe, mwakani ni wewe," wala Verna hamsikii.

Maribeth akapanda ngazi mbio, kofia ya bendi mkononi, manyoya yake yamepinda. "Bi Verna, kule chini sikuelewa, palikuwa kimya mno. Mlinisikia huku juu?"

Verna akamkumbatia, kofia na yote. Nikajibu mimi.

"Kila mtu, mwanangu. Kila mtu alikusikia."