Orodha Iliyosema Wote Wamepotea

Damu ya kwanza niliyoiona asubuhi ile ilikuwa kwenye kitenge cha mama aliyembeba mtoto mgongoni, na haikuwa yake wala ya mtoto. Ilikuwa ya jirani yake, aliyekatwa panga shingoni wakiwa wanakimbia bega kwa bega. Alinieleza hivyo mbele ya meza yangu, kwa sauti ya mtu anayetaja mtaa anaokaa, kisha akangoja niandike.

Meza yangu ilikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa moja la mtaa wa Nyakasanza, hapa mjini Bunia, mashariki mwa Kongo. Kijiji cha yule mama, upande wa Djugu, kilikuwa kimevamiwa alfajiri na watu wenye mapanga na bunduki. Waliosalimika walipita porini siku mbili, wakaingia mjini kwa vikundi, wengine na vidonda vilivyofungwa kwa vipande vya shuka. Mwanamume mmoja alifika ameshika sikio lake mkononi, akiuliza kama linaweza kushonwa.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza kurasa za tovuti. Nimetengeneza za shule, za maduka, ya redio moja ya hapa. Pasta aliyesimamia ukumbi ule alinijua tangu nikisoma informatiki, yaani elimu ya kompyuta, na ndiye aliyenipigia simu.

"Binti yangu, kuja na mashini yako," aliniambia. "Batu banatafutana na hatujue nani iko wapi." Nikaenda na kompyuta yangu.

Pasta alikuwa na daftari la familia zote za kile kijiji, lililoandikwa miezi michache nyuma wakati kanisa lilipogawa mbegu. Hiyo ilikuwa orodha ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya wote waliofika: pale ukumbini, hospitalini, na katika makanisa mengine mawili. Nilitengeneza ukurasa wa kulinganisha orodha hizo mbili. Aliyeko kwenye ya kwanza na hayuko kwenye ya pili, jina lake linaingia kwenye orodha ya tatu, tuliyoiita "Hawajapatikana".

Siku ya kwanza niliujaribu kwa majina matupu, ukafanya kazi vizuri. Jioni pasta akaniambia majina yanafanana mno, jina moja linabebwa na watu watano, niongeze jina la baba na mwaka wa kuzaliwa. Nikabadilisha. Badala ya jina moja, kila mtu akawa na tablo yake ndogo; tablo ndivyo sisi tunavyoita vitu vilivyopangwa kwa mstari ndani ya programu. Tablo ya kila mtu ilikuwa na vitu vitatu: jina, jina la baba, mwaka. Nilifanya hivyo haraka, watu wamesimama mbele yangu wanavuja damu, na sikuujaribu tena.

Kesho yake asubuhi nilibonyeza, mashine ya kuchapa ikatoa karatasi nne zilizojaa. Niliziona ni nyingi. Nikajiambia, basi waliouawa ni wengi hivyo. Nilikuwa nimeona majeraha ya kutosha kuamini jambo lolote. Pasta akazibandika mlangoni, mimi nikaendelea kuandikisha waliokuwa bado wanafika.

Kilio kilianza kwa mtu mmoja, kikawa cha uwanja mzima. Kupitia dirishani niliona watu wameinua simu, wanapiga picha zile karatasi na kuzituma. Vijana wa kile kijiji waliokuwa wanaishi mjini walikuja mbio kutoka kazini. Walisoma majina ya mama zao, ya wadogo zao, ya wake zao. Hawakulia. Walianza kuokota mawe.

Saa hiyo hiyo barabarani alipita muuza makala, yaani mkaa, anasukuma baiskeli yenye magunia mawili. Alikuwa mtu wa makamo aliyekaa Saio, mtaa mwingine wa mji, na kila wiki alipita hapo. Mama wengi walimjua. Lakini alikuwa wa kabila ambalo watu walisema ndilo la wale wavamizi, na hilo siku ile lilitosha. Mmoja alisema tu, "Huyu hapa," na baiskeli ikaangushwa.

Sikuona pigo la kwanza. Nililisikia. Fimbo ikipiga gunia hutoa sauti moja, ikipiga mtu hutoa nyingine, na masikio hayahitaji kufundishwa tofauti. Pasta aliacha kalamu akatoka mbio.

Nikasimama nami nitoke, ndipo yule mama wa kitenge akaingia, mkononi ana karatasi moja aliyoichana mlangoni. Akaiweka mezani na kuonyesha kwa kidole.

"Mi iko hapa," alisema. "Juu ya nini mumeandika mi sionekane?"

Nikaangalia. Jina lake lilikuwepo. Chini yake majina ya watoto wake wawili, mmoja amelala mgongoni kwake, mwingine ameshika nguo yake. Chini yao, jina la mume wake. Mama na watoto niliwaandika mimi mwenyewe kabla ya kuchapa.

"Na huyu jirani mwingine," aliendelea, akishusha kidole, "iko nyuma kule, anakunywa uji. Na huyu. Na huyu muzee. Bote beko hapa."

Nje mtu alikuwa anaomba maji, na wengine wanamjibu kwa kumpiga.

"Mama, nje wanaua mtu," nilisema.

"Nasikia. Banamuua juu ya hii karatasi. Tengeneza."

Nikaketi. Nikakosea neno la siri mara mbili. Nilishuku kwanza nafasi tupu nyuma ya majina, kwa sababu mtu akiandika haraka huacha nafasi bila kujua, na kwa kompyuta jina lenye nafasi si jina lile lile. Nikaondoa nafasi zote. Nikabonyeza. Wote bado wamepotea. Nikashuku miaka: orodha moja niliiandika kama namba, nyingine kama maandishi. Nikaigeuza yote kuwa maandishi. Nikabonyeza. Wote wamepotea.

Nje jiwe lilipiga bati la ua. Kisha nikasikia sauti ya pasta, "Mimi pia mutanipiga? Pigeni basi." Na nikasikia wakimpiga.

Nikachukua yule mama peke yake. Nikaionyesha kwenye skrini tablo yake kutoka orodha ya kwanza, na chini yake ile ya orodha ya pili. Herufi kwa herufi zilikuwa moja. Nikaiuliza programu: hizi mbili ni sawa? Ikajibu false, yaani si kweli. Nikaandika tablo mbili fupi kabisa, kila moja ina namba moja tu ndani yake, na namba yenyewe ni moja. Nikauliza tena. False.

Hapo nikakumbuka jambo nililofundishwa darasani na nililolifaulu kwenye mtihani. Katika JavaScript, lugha niliyoandikia ukurasa ule, ukilinganisha tablo mbili, kompyuta haiangalii kilicho ndani. Inaangalia kama ni tablo ile ile moja, iliyowekwa mahali pale pale kwenye kumbukumbu yake. Tablo mbili zilizotengenezwa mbalimbali hazitakuwa sawa hata zikifanana kila kitu. Majina matupu hayana shida hiyo, ndiyo maana siku ya kwanza ukurasa ulifanya kazi. Nilipoongeza jina la baba na mwaka, nikawa nimewapoteza watu wote wa kijiji, waliokufa na waliokuwa wanakunywa uji.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili. Niliunganisha vitu vitatu vya kila mtu kuwa sentensi moja ya maandishi, nikalinganisha maandishi kwa maandishi. Nikabonyeza. Zile karatasi nne zikawa majina kumi na moja.

Sikungoja karatasi ichapwe. Yule mama alikuwa ameona uso wangu, na alishatoka mbele yangu.

Muuza makala alikuwa amelala ubavu katikati ya makala yaliyomwagika, mkono wake wa kushoto umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi. Jicho moja halikuonekana tena kwa uvimbe. Pasta alikuwa amepiga magoti juu yake, shati limechanika, damu inamtoka kichwani. Kijana mmoja alikuwa ameinua jiwe kwa mikono miwili. Mama akaenda akasimama kati yake na yule mtu, mtoto bado yuko mgongoni.

"Weye unaniona?" alimuuliza.

Kijana huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake. Alimtazama kana kwamba anatazama maiti iliyofumbua macho.

"Bamekuandika umekufa," alisema.

"Bamekosea. Mi iko hapa. Batoto beko hapa. Shusha hiyo jiwe."

Nikasema kwa nguvu zangu zote kwamba karatasi ile ni kosa langu, kwamba walioko ukumbini ni wazima, waingie wawaone. Sijui kama walinisikia. Walimsikia yule mama. Kijana mwingine, fimbo bado mkononi, aliingia ukumbini akamkuta mama yake amelala kwenye mkeka, hatua thelathini kutoka alipokuwa anampiga mtu kwa ajili yake. Alitoka akatapika ukutani.

Pasta na dereva wa moto, yaani pikipiki, walimbeba muuza makala katikati yao mpaka hospitali. Watu walitawanyika bila kutazamana.

Niliporudi mezani, yule mama alikuwa ananingoja.

"Bwana yangu," alisema. "Ye pia ni makosa ya mashini?"

Nilitafuta jina la mume wake kwa kila namna niliyoijua, na lenye makosa ya herufi, na bila jina la baba. Nilisoma orodha ya pili kwa macho, mstari kwa mstari, nikiombea programu ikosee mara moja zaidi.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Yeye sijamupata."

Akakaa chini sakafuni, akamtoa mtoto mgongoni na kumpa ziwa. Wanajeshi walipofungua njia, alirudi kijijini na wengine kuzika. Kati ya wale kumi na mmoja, wawili walipatikana hai katika kijiji cha Bogoro. Mume wake hakuwa mmoja wao.

Baada ya siku chache nilienda hospitalini. Muuza makala alikuwa amefungwa mkono na taya, mke wake amekaa pembeni. Nilimweleza yote, tangu daftari la mbegu. Alinisikiliza akinitazama kwa jicho moja.

"Nilisikia banasema listi, listi," alisema polepole, kwa meno yaliyobaki. "Nikafikiri ni listi ya batu ba kuua, na mi iko ndani yake."

"Hapana, papa. Ilikuwa ya waliopotea. Nimeiandika mimi, na niliikosea."

"Fimbo ulishika weye?"

"Hapana."

"Basi acha kulia. Batu banalala hapa."

Nilipoinuka, mke wake alinisindikiza mpaka mlangoni. Nilidhani ananiaga.

"Ye anasamehe mbiyo," aliniambia. "Mi bado."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Mkono wa mume wake ulipona umepinda, hauwezi tena kusukuma baiskeli yenye mzigo. Sasa anauza makala kwa mafungu mbele ya nyumba yake. Nikipita Saio ninanunua kwake. Mke wake hunipa fungu langu, hunitazama, na mpaka leo hajanijibu salamu.