Mkalimani wa Idara ya Ngozi

Kazi ya ukalimani hospitalini sikuiomba. Nilikwenda Guangzhou kusoma, nikamaliza mihula miwili ya Kichina, kisha nikaona wenzangu wanaonunua nguo kwenye soko la Shisanhang wanakula vizuri kuliko walimu wangu, nikaacha shule. Nikawa nanunua blauzi na suruali za jinzi na kuzisafirisha hadi Mbeya, ambako mke wangu alizipokea na kuziuza dukani. Lakini ile mihula miwili ilinipa kitu ambacho wafanyabiashara wengi wa kwetu hawakuwa nacho. Wao walijua kusema "ghali mno", "punguza" na "sitaki". Mimi nilijua kusema "inawasha tangu lini?"

Wa kwanza kunichukua alikuwa ndugu mmoja wa ushirika wetu wa sala, uliokutana kila Jumapili asubuhi katika ukumbi wa hoteli. Aliniambia ana mafua. Tulipofika hospitali akapita mlango wa masikio na pua bila kugeuza shingo, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, Idara ya Ngozi, ambayo kule hutibu pia magonjwa ya zinaa. Nikamwambia mafua hayatibiwi hapa. Akasema mafua yake yameshuka.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, chai yake ndani ya chupa ya jemu. Aliuliza lini, na nani, mara ngapi, kwa sauti ile ile ambayo muuza viatu humuuliza mtu namba ya mguu. Mgonjwa wangu alijibu akitazama dari. Nilitafsiri, akachomwa sindano, tukaondoka, na njiani akaniapisha kwa jina la Bwana nisimwambie mtu.

Sikumwambia mtu, ila yeye mwenyewe aliwaambia wenzake kwamba kuna mtu anayejua kunyamaza, na baada ya hapo sikukosa wateja. Mmoja alisema ameupata ugonjwa kwenye choo cha treni. Mwingine alilaumu bwawa la kuogelea la hoteli, na hoteli ile haikuwa na bwawa. Mzee wetu wa kanisa, aliyetufundisha semina ya ndoa kila baada ya miezi mitatu, alieleza kwamba amelalia shuka ambazo hazikupigwa pasi. Nilitafsiri hilo la shuka kama lilivyo. Daktari akasikiliza hadi mwisho, akaandika: kisonono. Jumapili iliyofuata mzee alisimama mbele akamshukuru Mungu kwa kumponya malaria. Ukumbi mzima ukasema amina, na amina yangu ilisikika kuliko zote.

Nakiri kwamba nilifurahia. Walianza kuniita Daktari. Nilikaa kiti cha nyuma ibadani nikitazama visogo vya watu, na kwa kila kisogo nilijua dawa yake. Ya kwangu niliyaweka kando. Tangu ujana wangu nimewapenda wanawake na wanaume pia, nikaoa mke niliyemtaka kweli, na yale mengine nikayahesabu kama safari ya kikazi: yapo, lakini hayaongelewi nyumbani. Halafu sikuwahi kuumwa. Mtu asiyeumwa hujiona mwema kwa urahisi sana.

Mwaka wa pili wa ukalimani wangu nilikutana na Mkongo mmoja wa Lubumbashi kwenye soko la vitambaa karibu na Kangle. Alikuwa akibishana na mwenye duka juu ya zipu, kwa Kifaransa, na mwenye duka akimjibu kwa Kikantoni, na wote wawili walionekana kuelewana. Nikaingilia kumsaidia. Akanishukuru kwa kunipangusa jasho usoni kwa leso yake, leso nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, na mimi nikasimama palepale kama mtoto anayeoshwa. Ndani ya wiki tatu tulikuwa zaidi ya marafiki. Alikuwa mcheshi, msafi, mkaidi, na alijua kupika samaki kwa nyanya chungu alizozipata nisikokujua. Nilimpenda. Naliandika neno hilo sasa kwa sababu wakati ule sikulisema.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye ile nyumba. Ilikuwa Jumapili saa saba mchana, nimetoka ibadani na Biblia mkononi, nikaiacha chini ya viatu vyangu mlangoni kwa kukosa pahali pengine. Nyumba ilikuwa ghorofa ya kumi na tisa, ya mzungu mmoja mnunuzi wa taa. Mapazia yamebanwa kwa vibanio vya nguo ili jua lisiingie. Palikuwa na wanaume saba hivi, Wachina na wageni, wengi wao watu wa biashara ya mavazi, kwa hiyo suruali zote zilikuwa zimekunjwa vizuri kwenye kochi. Mtoto wa jirani wa chini alikuwa akijifunza piano, akirudia mstari mmoja bila kuchoka.

Walikuwa na vipande vyeupe kama chumvi ya mawe. Wachina waliviita barafu, na sisi tukaviita vivyo hivyo. Vilivutwa kwa zamu. Ilipofika zamu yangu nilimtazama rafiki yangu, akaitikia kwa kichwa kunitia moyo kama mtu anayemwonjesha mgeni chakula cha kwao. Nikavuta. Aibu yote niliyotoka nayo Mbeya ikanivuka kama koti la mvua.

Watu wakisikia habari za vyumba kama kile hudhani ni mambo ya kutisha tu. Mambo yalikuwepo, na sitayasimulia. Lakini barafu hailazi mtu, na sehemu kubwa ya zile saa ishirini na kitu, nyuma ya yale mapazia, tuliongea biashara. Watu wazima saba, bila nguo, walijadili makontena. Mimi niliahidi kujenga kiwanda cha sabuni Lubumbashi. Mzungu wa taa alilia kwa ajili ya ubora wa nyaya za siku hizi, na sisi tukamfariji. Juu ya meza palikuwa na bakuli la kondomu, zimepangwa kama peremende za wageni. Kila mtu aliliona, na hakuna aliyeligusa. Mimi, ambaye wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemtafsiria ndugu mmoja maneno ya daktari kuhusu kinga, tena kwa kuongeza ukali wangu mwenyewe, sikuligusa pia. Barafu ilinihakikishia kwamba magonjwa ni ya wale wa ghorofa ya nne.

Jumanne nilikuwa kama tairi lililotoka upepo. Nililia kwa sababu kijiko kilianguka. Nikaapa sitarudi, na baada ya wiki mbili nikarudi. Ushirikani nilidanganya kwamba niko Pazhou na wanunuzi wa maonyesho ya biashara. Maonyesho hayo hufanyika masika na vuli, na uwongo wangu ukaendelea hadi Julai. Mzee wa kanisa akaniuliza kwa upole ni maonyesho gani yaliyoko Julai. Nikamjibu kwamba ni maandalizi. Akaniambia ananiombea, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua kwamba anamaanisha.

Mwezi wa nane viganja vyangu vilitoka madoa mekundu, yasiyowasha wala kuuma. Nyayo nazo vilevile. Madoa hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyatafsiri mara nyingi kiasi kwamba jina lake kwa Kichina lilinijia kabla ya jina la Kiswahili. Hata hivyo nilikaa siku tisa nikijiambia kwamba ni mzio wa rangi ya jinzi. Mimi niliyewacheka watu wa choo cha treni nilinunua glavu za mpira.

Siku ya kumi nilipanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Daktari aliniona, akachungulia nyuma yangu.

"Mgonjwa wako yuko wapi leo?"

Nikasema hajafika. Akaniambia nimsubiri benchini. Nikamsubiri. Waliingia wagonjwa wanne, wakatoka, na mimi nikaendelea kumsubiri huyo mtu. Hatimaye daktari akatoka mwenyewe mlangoni na chupa yake ya chai, akasimama mbele yangu. Nikavua glavu nikamwonyesha viganja.

Ndani ya chumba Kichina changu chote kilinikimbia. Nilianza kwa kusema nina rafiki ambaye. Daktari akanikatiza.

"Miaka miwili umeniletea ukweli wa watu wengine," alisema. "Leo leta wako."

Nikamwambia. Wanaume, wangapi, tangu lini, barafu, bakuli. Nilitazama dari, kama wote niliowahi kuwaleta. Yeye aliandika bila kuinua uso, na alipofika mahali pa barafu aliuliza tu kama nalala usingizi na kama nakula. Hakushangaa hata kidogo. Hilo liliniuma kuliko kama angeshangaa, maana nilikuwa nimejiandaa kuwa mtu wa ajabu. Akasema ni kaswende, inapona, na akaagiza sindano ya makalioni iliyonifanya nitembee upande upande siku mbili.

Kisha akasema nahitaji kupima virusi vya UKIMWI. Nikaanza kuvaa glavu zangu, na alijua kwa nini. Miaka ile mgeni aliyekutwa na virusi hakuwa na kibali cha makazi tena nchini mle, na sote tulizijua habari za watu waliopanda ndege bila kuaga. Akaandika anwani nyuma ya karatasi. Akaniambia ni kikundi cha wanaume kama mimi, wanaohudumiana wenyewe kwa wenyewe, wanapima bure, na hawaulizi pasi ya kusafiria.

Rafiki yangu alikataa kwenda. Nilimweleza kila kitu tukiwa tumekaa chumbani kwake, yeye akipiga pasi leso. Aliniambia hana dalili, na kwamba kwao mtu haendi kutafuta ugonjwa ambao haujamtafuta.

"Mi niko muzuri," alisema. "Angalia suti. Mugonjwa anavaa hivi?"

Nikaenda peke yangu. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la tambi, na aliyenipokea alikuwa Mchina wa miaka hamsini na kitu aliyewahi kuwa dereva wa basi. Aliniambia nichague jina lolote. Nikachagua la mzee wa kanisa, Mungu anisamehe. Majibu yalitoka safi, lakini akanieleza kwamba bado ni mapema, nirudi baada ya miezi mitatu, na katikati ya hapo nisiende kwenye nyumba za mapazia. Alisema yeye mwenyewe alikwenda miaka mingi, na kilichomtoa si woga bali meno, yalimwisha mdomoni. Akanionyesha ya bandia. Nilirudi kwa wakati, na sikwenda tena ghorofa ya kumi na tisa, ingawa Jumapili saa saba mchana mwili wangu ulivaa viatu wenyewe kwa muda mrefu.

Rafiki yangu aliendelea. Vuli ile aliidhinisha sampuli ya suruali baada ya siku tatu bila usingizi, akaweka sahihi, na kiwanda kikamshonea kontena zima la suruali zenye zipu nyuma. Alipoziona hakugomba na mtu. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kugombea hata kifungo. Alikuwa amekonda, na leso aliyoitoa mfukoni ilikuwa imekunjamana. Siku iliyofuata alikuja mlangoni kwangu.

"Weye ni mukalimani," alisema. "Nipeleke."

Hakuhitaji mkalimani, maana jibu lilikuwa mistari miwili kwenye karatasi ya kipimo, ya mwenye virusi. Dereva wa basi alimshika bega, akamwambia dawa zipo na watu wanazeeka nazo. Nilitafsiri. Yeye akauliza jambo moja tu, kama dawa hizo zinanenepesha, kwa sababu ya suti.

Aliamua kurudi Lubumbashi kabla hajalazimishwa. Ushirika, nilikokuwa nimempeleka mara kadhaa, ulitangaza kwamba ndugu yetu ameshikwa na malaria kali, wakaniomba mimi niongoze maombi. Nikasimama. Nikasema nitawaombea wote wenye malaria ya aina hii, na kwamba kila Jumatano asubuhi nitakuwa ghorofa ya nne, mwenye kuhitaji aje bila hadithi ya choo. Hakuna aliyesema amina. Jumatano nilikuta watu watano benchini, wametazama kila mmoja upande wake.

Kipimo changu cha pili kilikuwa safi. Desemba nilirudi Mbeya na kumwambia mke wangu nusu ya ukweli: kwamba nimetembea nje, kwamba nimeugua kaswende na kupona, kwamba hatutalala pamoja hadi naye apime. Alikuwa akikunja kanga. Aliendelea kukunja.

"Na huyo mwenzako," aliuliza, "ametibiwa?"

Kiswahili chetu hakiulizi kama mwenzako ni mume au mke, na siku ile nilijificha ndani ya neno hilo moja. Nikasema anatibiwa. Akasema ni vizuri. Kisha akavaa viatu, akachukua mkoba, akanitangulia njia ya hospitali, na mimi nikamfuata nyuma nikijiuliza ataniuliza lini hilo swali la pili.