Dada yangu anapigiwa makofi juu ya vitabu nilisoma miye

Admin, jina yangu ibaki kwako tu. Majina yote humu nimebadirisha, juu Bukavu ni mudogo na dada yangu anasoma hii page kila asubuyi. Niko mwanamuke wa miaka soixante-deux (62), mujane, fundi wa kushona, nakaa Kadutu. Musiseme ni malalamiko ya kizee. Hii kitu inanichoma roho, na siku yake ni hii dimanche, siku ya Mungu, inakuja.

Wakati ya Zaïre, nilikuwa nabakisha kidogo nimalize humanités, masomo ya sekondari. Bibliothèque ya muji, nyumba ya vitabu, ikatangaza kusoma kwa vacances, wakati ya likizo, na haikuwa ya banafunzi peke: batoto, bamaman ya soko, bazee ya retraite balishaacha kazi, kila mutu. Kulikuwa sheria moja. Ukimaliza kitabu, unakaa mbele ya majirani ya avenue yako, unabahadisia yote mu Swahili, kisha mukubwa mumoja na mutoto mumoja banaenda kumuambia bibliothécaire, mwenye kuchunga vitabu, kama balisikia. Bila ile, kitabu yako haihesabike. Basi ata asiyejua kusoma alikuwa ndani.

Bandugu, nilisoma! Vumbi ya kiangazi inajaa mu pua, miye niko pa mulango na kitabu. Bamaman ya ndizi balikuwa banasahau bateja juu yangu. Kulikuwa muzee mumoja jirani, kipofu, alikuwa ananiita asubuyi mapema: "Mutoto, ule mwanamuke ya mu kitabu ya jana alipona?" Namuambia angoje niteke maji kwanza, anakasirika: "Weye uko mubaya sana!" Nacheka paka ku robinet. Sijapata tena furaha kama ile.

Tulikuwa batoto banamuke wawili mu nyumba. Georgette ni mutoto ya papa mukubwa. Bazazi yake balikufa, papa yangu akamulea, tukalala kitanda moja. Nilimupenda. Ile vacances alisoma kitabu moja, akasema macho inamuuma, akarudia ku kusuka nywele.

Sasa musikie. Ile wakati majina ya ubatizo ilikatazwa, kila fasi paka majina ya bankambo. Ku nyumba balikuwa banatuita Espérance na Georgette. Lakini sisi wote wawili tulikuwa na jina ya koko yetu, mama ya papa, na jina ya pili ya nkambo moja. Kwa hiyo ku bibliothèque, miye citoyenne (mwananchi) Nsimire, na yeye citoyenne Nsimire.

Mwenye kuhadisia vizuri kupita wote, bibliothèque ilikuwa itamuchukua ku kazi na kumusomesha. Siku ya kufunga ile kusoma na kupana zawadi ikakuta koko amegonjwa kule kijijini Mumosho, papa akanituma nikamuangalie. Nikamuuliza papa, "Na kama bananiita?" Akasema, "Nitakuwa pale. Nitakupokelea."

Baliita citoyenne Nsimire. Georgette akasimama. Mukubwa alikuja kupana zawadi hakutujua, lakini bibliothécaire alitujua. Maman alikuwa karibu, yeye njo alinihadisia: bibliothécaire aliinama ku sikio ya papa, "Citoyen, haiko ule mwengine?" Na papa akajibu, "Wote ni batoto yangu. Acha tu."

Nilirudi kutoka Mumosho nikakuta banapika nyama. Nikauliza ni sikukuu gani. Papa akaniita chumbani. "Weye uko na baba, Georgette hana. Batu batasema nini kama mutoto yangu anaenda mbele na wa marehemu kaka yangu anabaki? Mu hii nyumba hakuna yangu na yako. Na sitaki kusikia hii maneno tena." Nililia paka sauti ikaisha. Mwaka ilifuata, papa akashindwa kulipa masomo yangu, nikawekwa ku cherehani.

Nikameza. Georgette alifanya kazi vizuri, siwezi kumusingizia, akawa mukubwa ya bibliothèque, akaenda retraite na heshima. Sasa bameamusha tena ile kusoma kwa vacances, na yeye njo marraine, mwenye kuisimamia. Mujukuu wangu iko ndani. Juzi, mercredi, akarudi anaruka: "Koko! Koko Georgette alikuwa anahadisia muzee kipofu! Ule muzee anamuita asubuyi kumuuliza kama mwanamuke alipona!"

Mungu wangu. Sindano ikaniingia mu kidole. Kazi, achukue. Na muzee wangu pia? Georgette alikuwa anamukimbia ule muzee juu ya kikohozi yake!

Nikaenda kwake mbio. "Georgette, hii ni nini?" Akacheka kidogo: "Espé, batoto banapenda hadisi. Na papa alisema sisi ni moja." Kisha, bila haya, akaniomba dimanche, mu sherehe ya kusoma, nisimame pembeni yake, niambie batoto kama niliona na macho yangu ginsi alikuwa anasoma. "Paka weye njo umebaki mwenye kujua ile wakati," akasema.

Ni kweli, nimebaki peke yangu. Papa, maman, bibliothécaire, majirani, wote balishakufa. Nikisema ukweli, nitamupatisha haya mbele ya batoto banamupenda, na familia itasema natukana kaburi ya papa. Nikisema vile anataka, nitakuwa nimemupa yote na mukono yangu. Kwa miaka yote hii balininyanganya. Sasa bananiomba nipeane na makofi juu yake!

Jana tulikuwa tunachambua maharagi na mujukuu. Akaniangalia: "Koko, saa ile koko Georgette alikuwa anasoma vitabu vyote, weye ulikuwa unafanya nini?"

Nilimuambia aende kuleta maji. Akaleta, akakaa, anangoja. Ninyi munasoma hii, bazee na vijana, munishauri tafazali: ule mutoto nimujibu nini?