Pruitt dhidi ya Pruitt

Nedra Kuhlman alikuwa amekwisha kuagiza keki ya harusi alipogundua kwamba bado ni mke wa mtu mwingine.

Alikuwa na miaka sitini na saba, mstaafu wa jiko la shule hapa kwetu Ohio, ambako mimi na yeye tulipika pamoja mpaka magoti yakachoka. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kunyamazisha bwalo zima la watoto, na si mtu wa kueleza mambo yake. Nilijua kwamba zamani aliolewa huko kusini, kaunti ya Wexley, karibu na mto, na kwamba aliachana na mume huyo angali kijana. Basi. Ukimuuliza zaidi anakusogezea gunia la viazi umenye.

Mchumba wake alikuwa Lowell Fetzer, mgane wa kanisani kwetu, aliyekuwa akiendesha basi la shule. Alianza kwa kuja kwake Nedra kurekebisha bomba, akapewa kipande cha pai ya cheri, na mabomba ya nyumba ile yakawa hayaishi kuharibika. Wakakubaliana kuoana mara baada ya Krismasi.

Mwanzoni mwa Novemba walikwenda kuomba kibali cha ndoa. Karani akamuuliza Nedra kama aliwahi kuolewa.

“Mara moja. Zamani sana.”

“Talaka ilitolewa kaunti gani, na shauri lilikuwa namba ngapi?”

“Wexley. Namba? Binti yangu, mimi hata namba ya simu yangu siikumbuki.”

“Basi itafute, mama. Au uniletee nakala ya hukumu yenye muhuri. Bila hiyo siwezi kuwapa kibali.”

Lowell hakuliona jambo zito. “Mimi nimekula pai yako miaka mitatu nikikungoja,” alimwambia. “Nitangoja na karatasi.”

Jioni ile Nedra alikuja kwangu, tukafungua kompyuta na kuingia kwenye ukurasa wa mahakama ya Wexley. Tukaandika Kuhlman, jina la baba yake. Hakuna. Tukaandika Pruitt, jina la yule mume, wakatokea akina Pruitt tele waliogombana juu ya watoto na nyumba, lakini wote wa miaka ya karibuni. Kesho yake alipiga simu. Mwanamke wa masijala akamweleza kwamba kwenye kompyuta wameingiza mashauri ya kuanzia katikati ya miaka ya tisini tu. Ya nyuma ya hapo yako kwenye filamu, katika chumba cha chini ya jengo. Aandike barua na kungoja, ama aje mwenyewe. Na akija, aje na majina kama yalivyokuwa siku shauri lilipofunguliwa.

Nedra hapendi kungoja. Nilimpeleka mimi, kwa sababu ana mtoto wa jicho na barabara za huko zina kona. Njia nzima mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mvua ya barafu inapiga kioo, naye amepakata mfuko wake.

Mlangoni pa mahakama mlinzi aliupitisha ule mfuko kwenye mashine, akatoa kisu.

“Mama, hiki cha nini?”

“Cha kumenyea maapulo.”

“Na maapulo yako wapi?”

“Nimeshayala. Unataka nikulipie faini ya maganda?”

Kisu kikabaki kwa mlinzi, sisi tukashuka chini.

Karani wa masijala aliitwa Coreen, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Alimuuliza nani alifungua shauri.

“Mimi.”

“Kwa jina gani?”

“Pruitt. Nedra Pruitt. Mwaka wa themanini, kama si themanini na moja.”

Coreen alipekua faharasa, akaandika namba kwenye kikaratasi, akaleta kijisanduku cha filamu na kukipachika kwenye mashine ya kusomea. Kurasa zikapita mbio kwenye kioo, ndoa za watu zikikimbia moja juu ya nyingine.

“Na mtu yeyote anaweza kuja hapa akasoma yangu?” Nedra aliuliza.

“Yeyote mwenye muda, mama. Yanayohusu watoto ndiyo tunayafunga. Mlikuwa na watoto?”

“Hatukujaliwa.”

“Basi yako yako wazi.” Akasimamisha mashine. “Haya. Pruitt dhidi ya Pruitt.”

“Utadhani timu za mpira,” alisema Nedra.

Akasogeza kiti. Lilikuwapo ombi lake mwenyewe, na chini yake sahihi ya msichana ambaye bado aliviringisha herufi kama anafuma kitambaa. Alisoma kwa sauti ya chini: mume hakai nyumbani, mume anakunywa mshahara, mke amemwonya bila mafanikio. Kisha karatasi ya kuitwa mahakamani. Kisha ukurasa mmoja mfupi wenye sahihi ya hakimu, na baada ya hapo likaanza shauri la watu wengine.

“Hukumu iko wapi?” aliuliza.

Coreen alivaa miwani, akainama. Akasoma, akasoma tena. “Mama, wewe ulifika siku ya kusikilizwa?”

“Hapana.”

“Na yeye hakufika. Hakimu amelifuta shauri kwa sababu hakuna aliyetokea.”

“Kulifuta maana yake nini?”

“Maana yake halikumalizika. Talaka haipo.”

“Basi mimi ni nani?”

“Kwa karatasi tulizo nazo,” Coreen alisema kwa upole, “wewe ni Bi. Pruitt.”

Mimi nilitaka kucheka, nikamtazama Nedra, nikaacha. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Coreen alitueleza utaratibu. Mume akiwa hai na akikubali, wawili hao huandika ombi la pamoja, na baada ya mwezi au zaidi kidogo hakimu huwaita wote wawili. Asipokubali, au asipopatikana, safari inakuwa ndefu. “Yuko hai?” aliuliza.

“Sijui.”

Coreen alitazama mlango, akatazama kucha zake. “Mimi siruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Lakini kama unamtafuta Royce Pruitt fundi wa boti, bado anakaa ile barabara ya mtoni. Dada yangu hununua samaki kwake.”

Ndani ya gari Nedra hakufunga mkanda. Akasema, “Siku ya kesi nilivaa, unajua? Nikakaa kitandani na koti mwilini. Nilijua nikimwona kwenye korido, amenyoa ndevu, amevaa lile shati lake la buluu, nitarudi naye nyumbani. Na nikirudi nitazeekea mle, namngoja atoke baa. Nikavua koti. Wiki iliyofuata nikahamia kwenu. Nilidhani yeye atakwenda. Nilidhani hakimu atamaliza bila mimi.”

“Na hukuuliza?”

“Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilitaka iwe imekwisha, nikaichukua kwamba imekwisha.” Akavuta mkanda. “Endesha. Kata kushoto pale kwenye kituo cha mafuta.”

Nyumba ilikuwa ndogo, uani boti zimefunikwa maturubai. Mwanamume mwembamba akafungua mlango akiegemea fimbo. Alimtazama Nedra muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

“Umekuja kwa ajili ya ile kesi,” alisema.

Nedra alibaki kwenye kizingiti. “Ulikuwa unajua?”

“Ingieni kwanza. Baridi hiyo.”

Jikoni kulikuwa na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi. Alitupakulia bila kutuuliza. Pombe, alisema, aliacha siku nyingi. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, anacheka, ameshika samaki mkubwa.

“Mimi sikufika kwa sababu nilidhani nisipofika talaka haiwezekani,” Royce alisema. “Majira yalipogeuka nikaenda dirishani pale mahakamani kuuliza. Wakaniambia limefutwa.”

“Na hukunitafuta?”

“Ningekuambia nini? Rudi ukamalizie kuniacha?” Alikoroga maharage yake. “Nilijiambia, kama hajarudi kumaliza, basi ameacha mlango wazi kidogo.”

“Sikuacha mlango wazi, Royce. Niliondoka bila kugeuka nyuma. Huyu pichani ni nani?”

“Avis. Tulikaa naye miaka ishirini. Amefariki, miaka miwili sasa.”

“Mlioana?”

“Ningeoaje?” alisema. “Aliniomba mara nyingi. Nilimwambia mimi si mtu wa makaratasi.”

“Hukumwambia ukweli?”

Royce alitikisa kichwa. “Alipolazwa mara ya mwisho, muuguzi aliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema rafiki. Avis alikuwa macho. Alisikia.”

Nikainamia bakuli langu. Nilidhani Nedra angemtolea ile sauti ya bwaloni, na haki angekuwa nayo. Aliitazama picha, akaweka kijiko chini taratibu.

“Utatia sahihi?” aliuliza.

“Nitatia. Nimechoka nayo.”

Usiku uleule alimwambia Lowell, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Lowell hakujali kwamba talaka haikuwapo, mambo hutokea. Kilichomchoma ni kwamba mkewe mtarajiwa alikaa mezani kwa mwanamume huyo akala maharage yake kabla ya kumpigia yeye simu. Jumapili alikaa benchi jingine kanisani. Watu wakaona, na huku kwetu watu wakiona hawanyamazi. Mmoja akamuuliza Nedra mbele ya birika la kahawa kama ni kweli kwamba Lowell anatembea na mke wa mtu.

“Ni kweli,” alijibu. “Na wewe, usiye na wa kutembea naye, nipitishie sukari.”

Wiki haikuisha, Lowell akaja kugonga kwangu. “Siku ya kesi nitampeleka mimi,” alisema. “Wewe unaendesha kama unakimbizwa na polisi.”

Nikajua yamekwisha.

Tulikwenda wote, mwishoni mwa Januari. Hakimu alikuwa mwanamke mdogo kwa Nedra, pengine hata hakuwa ameanza shule wakati lile shauri la kwanza linafutwa. Aliwauliza kama wamepata muda wa kutafakari.

“Mheshimiwa,” alisema Royce, “tumetafakari karibu miaka arobaini.”

Hata mwandishi wa mahakama alicheka. Kisha hakimu akamgeukia Nedra, je, ni hiari yake? Lowell, kwenye benchi mbele yangu, alikuwa akizungusha kofia mikononi. Nilimwona Nedra amemgeukia Royce, amemwangalia sawasawa usoni, jambo ambalo nadhani alipaswa kulifanya siku ile alipovua koti.

“Ni hiari yangu, Mheshimiwa,” alisema. “Nataka iishe nikiwapo.”

Ikaisha kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha mayai. Alishuka mwenyewe kwa Coreen kuomba nakala zenye muhuri, akaomba moja ya ziada na kumpa Royce. Royce aliikunja, akaitia mfukoni, akampa Lowell mkono. Walizungumza habari za barabara na barafu, kisha akaondoka na fimbo yake.

Nedra na Lowell walifunga ndoa Aprili. Kwenye ukumbi wa chini ya kanisa tulikula kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda, na keki ikatosha. Nedra amebaki Kuhlman. Alisema amechoka kutafutwa kwenye faharasa.

Majuzi tulikuwa barazani kwake tukikatakata maharage mabichi. Nilimuuliza kama anamfikiria Royce.

“Kidogo,” alisema. “Ninayemfikiria ni Avis. Mimi nilivua koti, nikajitafutia maisha. Yule mwanamke, ambaye sijapata kumwona, alikuwa analala kila siku na jambo langu ambalo sikulimaliza, wala hakujua. Alidhani kasoro ni yake.”

Nilisema kwamba aliyenyamaza ni Royce.

“Ndiyo,” alisema. “Royce alinyamaza. Lakini na mimi nilipaswa kuuliza kama imekwisha.”

Akachukua bakuli la maharage akaingia ndani kuyatia maji.