Seva ya Msimbati

Mimi ni fundi simu wa Chikongola, mjini, na nina kichwa kigumu; nimekirithi kwa mama. Mimi na rafiki yangu, mwalimu wa kompyuta, tulitengeneza programu ya simu inayoonyesha saa za maji kupwa na kujaa pwani ya Msimbati. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, kila mtu ana ruhusa ya kuuchungulia, kuurekebisha na kuugawa bure. Tuliitengeneza kwa ajili ya akina mama wanaovua pweza kwa miguu, kule mwambani, mama yangu akiwa mmoja wao. Kilichotugombanisha kilikuwa kitu kimoja tu: watu waipakulie wapi?

Mwalimu alitaka tuiweke kwenye seva za nje, za bure na zisizozimika. Nikakataa katakata. Maji ni ya Msimbati, pweza ni wa Msimbati, halafu faili likalale Ulaya? Nikaiweka kwenye kompyuta yangu kuukuu chini ya meza ya duka, nikaibandika karatasi: USIZIME. Wiki tatu baadaye kihesabio kilionyesha imepakuliwa mara tatu: mimi, mwalimu, na mimi tena kwa simu ya mama. Mwalimu alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa.

Kisha nikagundua kosa. Saa za maji nilizipima mwenyewe kule Msimbati, na simu yangu ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Wenyeji wa kule wanalijua hilo, saa za simu zao huzipanga kwa mkono; mimi mzaliwa wa palepale nilishajifanya mtu wa mjini, nikasahau. Kwa hiyo programu nzima ilikuwa inawahi saa moja. Jumatano nikairekebisha kimyakimya, nikaweka toleo jipya chini ya meza, wala sikumwambia mtu. Ya nini kujitia aibu kwa ajili ya watu watatu?

Siku hiyohiyo jioni nikafunga duka, nikasafiri kikazi; Ijumaa nikapitia Msimbati kumsalimia mama. Nilimkuta uani na wenzake wakinoa nondo za kuchokolea pweza, maana Jumapili ilikuwa bamvua na maji yangekupwa mbali kabisa. Kila mmoja alikuwa na programu yangu. Kila mmoja! Mama alikuwa amewarushia, simu kwa simu, kama wanavyorushiana nyimbo za harusi, na kihesabio changu hakikujua lolote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kitu chako kizuri, ila kinawahi. Lakini tushakizoea."

"Kinawahi vipi?"

"Saa moja nzima. Kikisema maji yanageuka saa tatu, sie tunajua ni saa nne. Tunaongeza."

Wenzake wakacheka. Mimi nikakumbuka Jumatano. Toleo jipya lilikuwa sahihi. Atakayelipata halafu akaongeza saa yake, maji yatageuka naye bado yuko mbali, ameinamia shimo la pweza. Na maji ya mwambani hayaji kwa mbele tu, huzunguka yakakukata nyuma. Nilimwona akilini mama yangu pale katikati ya maji. Niliogopa, sisemi uongo.

Nikampigia mwalimu: kimbia dukani, izime ile kompyuta!

"Nizime nini, fundi? Mtaa wenu hauna umeme tangu Jumatano usiku. Imelala fofofo."

Sijawahi kufurahia kukatika kwa umeme namna ile.

Ubishi wetu ukaishia pale uani. Seva ya kweli haikuwa chini ya meza yangu wala Ulaya. Ilikuwa simu ya mama, yenye kioo kilichopasuka. Nilikuwa na kompyuta mpakato begini, nikabadili rangi ya toleo jipya kutoka buluu kuwa kijani, nikalitia kwenye simu yake. Jumamosi akawaita wote. Sheria aliitunga mwenyewe: hapewi mtu ya kijani mpaka ya buluu aifute mbele ya macho ya mama.

"Na mie kuongeza n'shazoea, n'fanyeje?" aliuliza bibi mmoja.

"Kaongeze nazi kwenye mchuzi," mama akamjibu.

Mwalimu nilimwachia seva zake za nje kwa ajili ya watu wa mbali, naye kwa siku mbili alitembea kifua mbele. Lakini kwenye ukurasa wa kupakulia tuliandika mstari mmoja juu kabisa: wa Msimbati, nenda kwa mama wa fundi.

Jumapili nilisimama ufukweni nikihesabu. Walikwenda kumi na mmoja. Saa iliyoandikwa ilipofika, maji yaligeuka kweli, nao wakaanza kurudi, pweza wakining'inia kwenye nondo. Wakafika kumi. Mama hakuwemo. Nilivua viatu, nikaingia majini na suruali yangu, ndipo nikamwona anakuja polepole, maji yakimfika magotini.

"Mama, umechelewa!" nilimfokea, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

"Nilibaki nyuma," alisema, akinikabidhi pweza wake, "niangalie kama kuna anayeongeza."