Gitaa Lililonyweshwa Maji

Gunia la katani likilowa kisha likaachwa lianze kukauka, hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini: ng'ombe kidogo, nyasi kidogo, nguo iliyosahauliwa kwenye karai. Juzi nilipita nyuma ya duka moja mjini Garsen, nikakuta magunia yameanikwa juu ya ua, na miguu ikagoma kwenda. Mwenye duka aliniuliza natafuta nini. Sikuweza kumwambia, ila ninyi nawaambia: nilikuwa na miaka kumi na mmoja tena, nimefungiwa ndani ya darasa la saba, na gitaa la baba linakufa mikononi mwangu.

Baba yangu alilima mpunga na ndizi kijijini Hewani, kando ya msitu wa mto Tana. Hakuwa mtu wa maneno hata zamani, lakini tangu ukingo wa mto ulipomomonyoka na kumchukua mama akiteka maji, alibakiwa na maneno ya lazima tu: kula, lala, funga mlango. Mwaka uliofuata alinichukua tukashuka mto kwa boti hadi Kipini, kwa fundi mmoja mzee aliyechonga milango na, kwa mapenzi yake tu, magitaa. Tukarudi na gitaa. Tangu siku hiyo, kila jioni baba alikaa kizingitini akapiga nyimbo za kanisani polepole, na mimi na nyanya, mama yake aliyetulea, tukawa tunajua: leo amefurahi, leo magugu yamemshinda, leo anamkumbuka mtu. Hatukuhitaji aseme. Tulikuwa tumeanza kumsikia tena.

Fundi hakutukabidhi lile gitaa hivi hivi. Alilikumbatia kwanza, kama baba anayeoza binti, akatoa masharti kwa Kiswahili chao cha Kipini ambamo jua lenyewe huitwa yua.

"Yuani usiliweke," alimwambia baba. "Moshini usiliweke. Ukuta wa udongo usiliegemeze, utalipa unyevu. Ukimaliza kupiga, lifute jasho kwa kitambaa kikavu. Ukijua hutalishika siku nyingi, zilegeze nyuzi nalo lipumzike. Na mafuta ya nazi ni ya kichwa chako, bwana, si ya gitaa."

Nyumbani baba alitukaririshia masharti hayo yote, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo mmoja. Nyanya alisikiliza mikono kiunoni.

"Lifutwe jasho?" akauliza. "Mimi nimelima tangu ujana wangu, jasho langu halijafutwa na mtu."

Baba alicheka kwa puani, akalitundika gitaa kwenye boriti kwa kipande cha kanga, mbali na meko, mbali na ukuta.

Sasa, mafuriko ya Tana hayangoji mvua yenu. Hunyesha huko juu, kwa watu msiowajua, nanyi mnaamka asubuhi ya jua kali mkikuta kuku wamepanda juu ya paa. Mwaka huo tulihamia shule ya msingi, iliyojengwa mahali palipoinuka, na kufikia siku ya pili maji yalikuwa yameizunguka pande zote. Darasa la saba tuliishi familia tatu na mbuzi saba. Siku ya tatu unga ulipoisha, wanaume waliingia mitumbwini kwenda Garsen kutafuta msaada. Baba alikuwa mmoja wao.

Kabla hajaondoka alinipa gitaa likiwa ndani ya kanga. Akarudia masharti yote, moja baada ya jingine, mimi nikiitikia. Kisha akaongeza jingine.

"Na usiliache peke yake. Popote lilipo, uwepo. Umesikia, Esta?"

"Nimesikia, baba."

"Sema tena."

Nikasema tena. Alinitazama kana kwamba bado hajaridhika, halafu akapiga kasia.

Maji yaliongezeka nguvu nyuma yao, wasiweze kurudi. Kwa siku kumi na tisa nilikaa ndani ya chumba kile. Hebu fikirini: nje kulikuwa na jua au kulikuwa na mvua, na gitaa halikutakiwa kukutana na lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo nami sikukutana nayo. Nikienda chooni, nyanya alikaa zamu. Dirisha lilikuwa na wavu wa waya, nami nilikaa hapo nikiwatazama wenzangu wakivua kambare kwa vyandarua, katikati ya milingoti ya uwanja wa mpira. Walipiga kelele za furaha, na mpaka leo naweza kuwataja mmoja mmoja kwa kelele yake. Mimi pua yangu ilikuwa na alama za wavu.

"Kuja Esta!" aliita Maro, rafiki yangu. "Samaki iko kwa goli!"

"Siwezi. Nina gita."

"Mama Gita! Mtoto amelala? Amenyonya?"

Wakacheka wote. Nilichukia gitaa lile, nikilifuta vumbi. Nilichukia masharti yake, harufu ya mkojo wa mbuzi, chaki, ukuta wenye ramani ya Kenya ambayo ndani yake mto wetu ulikuwa uzi wa buluu usioweza kumdhuru mtu. Lakini kila jioni, saa ambayo baba angekaa kizingitini, nililifungua na kulitazama, na moyo ukarudi mahali pake. Nilijua kabisa kwamba likiharibika, tutarudi kwenye kula, lala, funga mlango.

Sakafu ilikuwa na unyevu, basi nikaliweka juu ya kabati la vitabu, karibu na paa. Nilijiona mwerevu. Sikuwaza kwamba mabati yakipigwa na jua mchana kutwa, hewa ya chini yake huwa kama ya tanuri. Siku ya kumi na mbili nililishusha, nikaona ufa. Ulianzia kwenye tundu la sauti ukashuka hadi chini, mwembamba kama unywele. Nilipitisha kucha, ikaingia.

Sikulia kwa sauti. Nyanya aliona mgongo wangu tu akajua.

"Lete." Akaligeuza huku na huku, akaupapasa ule ufa kwa kidole gumba. Babu yangu, mume wake, alikuwa mchongaji wa mitumbwi, na hapakuwa na mti ambao nyanya aliona una siri mbele yake. "Mtumbwi ukikaukiwa ukapasuka, tunaufanya nini?"

"Tunaujaza maji," nikasema. Kila mtoto wa Hewani anajua. Mtumbwi usiotumika huzamishwa ukingoni au humwagiwa maji na kufunikwa majani ya migomba, maana mti uliochongwa ukikosa maji hupasuka.

"Haya. Mti huu una kiu."

"Lakini fundi alisema unyevu..."

"Fundi wa milango! Mlango umewahi kuvuka mto?"

Tulilowesha gunia kwenye maji ya mafuriko, tukalivika gitaa kama tunavyovika mtumbwi, nyanya akalifunga kwa fundo lake. Halafu, kwa uhakika zaidi, akamimina kikombe kizima kupitia tundu la sauti. Kutwa nzima na usiku wake nililala kando ya gunia lile, nikiinusa harufu yake, nikiomba.

Asubuhi tulilifungua. Ufa ulikuwa umeziba! Nyanya alipiga kigelegele mpaka mbuzi wakasimama. Tukalifunga tena, tukaongeza kikombe. Kwa siku mbili nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote waliokuwa wakivua kambare.

Siku iliyofuata mchana, tukiwa tunakula, gunia lilitoa sauti: ka. Baada ya muda kidogo, ka nyingine. Nilipolifungua, mgongo wa gitaa ulikuwa umebanduka, gundi imekuwa uji, na tumbo limevimba kama la mbuzi aliyekufa maji. Uso tu ndio uliokuwa mzima, bila hata alama ya ufa.

Basi nikakaa siku zilizobaki nikingoja baba aje na nikiomba asije. Kukimbia hapakuwa na pa kukimbilia. Pande zote maji.

Alikuja asubuhi, kwa boti iliyoleta unga. Aliingia darasani, akaliona gunia, akapiga magoti. Alilifungua. Maji yaliyobaki ndani yalimtiririkia mapajani.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni mimi," akasema nyanya kwa wakati uleule, kidevu juu. "Lilikuwa na kiu."

Baba alilipapasa lile tumbo lililovimba kwa kiganja, polepole. Nilikijua kimya kile, nikahisi kinanifunga kuliko maji ya nje.

"Mama," alisema hatimaye, "gitaa si mtumbwi."

"Ungesema mapema. Uliyasema yote, hilo hukulisema."

Nilimwona akijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka. Alicheka mpaka akaegemea kabati. Kisha akanigeukia, kicheko kikakatika.

"Ulitoka nje?"

"Sikutoka."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Alinishika miguu, akazitazama nyayo zangu, moja kisha nyingine, kama mtu anayekagua kitu alichokuwa amekopeshwa. Zilikuwa kavu, nyeupe kwa vumbi la chaki.

Maji yalipopungua tukashuka tena Kipini. Fundi alilipokea gitaa kwa uchungu alitengeneze, akatueleza namna ilivyompasa mtu kufanya: kulilegeza nyuzi, kuliacha kivulini penye upepo, lirudi lenyewe polepole, bila moto na bila haraka. Mimi nikajitetea. Nilimwambia sharti moja nililitimiza vizuri kuliko yote: sikuliacha peke yake hata kidogo.

Fundi alishangaa. "Nani alokwambia hilo? Gitaa haliogopi kukaa peke yake, mwanangu."

Nilimtazama baba. Baba alikuwa amezama kukaza ukanda wa kiatu chake.

Hasira yangu ilikuwa kubwa. Nilihesabu kambare wote niliowakosa. Leo ninaposhika mikono ya wanangu tukiwa karibu na mto, najua kwamba baba alihitaji sharti ambalo mtoto angelitii, na kwamba kunitajia maji yaliyomchukua mama kulikuwa nje ya uwezo wake. Siku ile sikujua. Tulipofika gatini nilimwambia, "Ulinifungia bure."

"Ndiyo," akajibu. "Bure."

Alinishika mkono niingie botini. Nilipokaa, nikajaribu kuuchomoa, kwa sababu nilikuwa nimenuna. Hakuuachia. Tulipanda mto mzima hivyo, mimi nikivuta, yeye akishika, mpaka Hewani.