Mawili ya Mbele

Mji mzima wa Kochkor, kwenye milima ya Kirigizistani, ulimjua Jekshen, fundi wa matairi, kwa ubishi wake. Mwenye kuzunguka mjini tu, kwenye lami iliyofagiwa theluji, alimfungia matairi laini ya majira ya baridi, yasiyo na misumari. Wa kupanda Mlima Dolon alipewa ya misumari, ile midogo ya kuuma barafu, yote manne. Ukitaka mawili, anakufukuza. "Kwanza kamwulize mkeo kama yuko tayari kuwa mjane!"

Asubuhi moja ya Desemba akaja Osmonaly. Huyu hakuwa mteja, alikuwa mkwe: baba wa mume wa Burulsun, binti pekee wa Jekshen. Na kwao, mzee wa nyumba alikoolewa mwanao hakatazwi kitu. Akija anapewa kichwa cha kondoo. Akisema mchana ni usiku, unawasha taa.

"Nifungie mawili ya misumari, mkwe. Mbele."

"Afadhali manne, mkwe. Ule mteremko wa Dolon..."

"Gari hili linavutwa na ya mbele. Ya nyuma yanafuata tu!" Osmonaly akacheka. "Au leo unanifundisha kuendesha? Dolon nimeivuka wewe hujaota ndevu!"

Burulsun alikuwa kwenye kiti cha nyuma, mimba ya miezi minane, anapelekwa hospitali Naryn, ng'ambo ya Dolon. Akashusha kioo. "Baba, vaa kofia bwana, utaugua."

Jekshen akayatazama matairi ya nyuma. Vipara vitupu. Alijua fika: mbele ikishika barafu na nyuma isishike, ukikanyaga breki mteremkoni, mkia wa gari unazunguka. Angekuwa mtu baki, angemtukana mpaka basi. Lakini huyu alikuwa mkwe. Heshima gani hii, jamani!

"Uende taratibu, mkwe," akasema, akashika jeki, akafunga mawili.

Alasiri simu ikalia. Mkia ulizunguka, gari likaingia korongoni kinyumenyume. Osmonaly alivunjika mkono. Burulsun na mtoto tumboni hawakupona.

Siku ya maziko Jekshen alifika kwa Osmonaly akilia kwa sauti, kama wanaume wa kwao waliavyo msibani. Osmonaly, mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa, akamkumbatia.

"Kazi yako haina lawama, mkwe," akasema kwa kwikwi. "Wallahi, ya mbele yalishika vizuri kabisa."

"Najua," Jekshen akajibu. "Na ya nyuma pia nilijua."